Unga Umekaa Nyuma

Jumamosi, vumbi la Februari,
nami ninatembea Barabara ya Kenyatta
na tumbo la wiki thelathini na sita,
futi ya fundi cherehani shingoni,
na pakiti mbili za unga zilizofungwa kwa leso.
Kilo nne. Ni mtoto mkubwa, najua,
lakini hebu mtazame babake.

"Wa kike au wa kiume?" anauliza Wamaitha wa dukani.
"Wa Vitz," namjibu.
Vitz ya mwaka wa elfu mbili na tatu,
mlango wake wa nyuma, kushoto, hufunguliwa kutoka nje tu.

Kiti cha kwanza kilikuwa cha kifalme:
sponji nene, hata mahali pa kuwekea kikombe.
Kikombe cha nani, na mwenyewe shingo hajaikaza?
Tulikibeba hadi kwenye maegesho,
kikagoma mlangoni kama kabati la harusi.

Cha pili kilidai ndoano za chuma
ambazo gari letu halikuzaliwa nazo.

Cha tatu kilikuwa mtumba, nusu bei,
kimefuliwa, kinanukia sabuni.
Nikakipindua: tarehe imekwanguliwa.
Kazi yangu ni kupiga mifupa picha.
Nimeona watu wakiingia kwa miguu yao, wakicheka,
picha ikatoka na ufa mwembamba kama unywele.
Kiti hakipigwi picha.
Nikakirudisha.

Mama mkwe, aliyeshuka kutoka Olenguruone
kushuhudia pesa zikitupwa,
akasema: "Huyu Tuwei nilimleta nyumbani mapajani,
kwenye pikapu ya viazi.
Mikono hii ndiyo ilikuwa mkanda."
Sikumbishia.
Nilimpa unga aushike, nikamwambia,
"Mama, gari likisimama ghafla,
kilo nne huwa si kilo nne."
Akaitazama mikono yake kwa muda mrefu.

Cha nne, mtoto akitazama nyuma, kilipita mlangoni.
Tukakiweka kushoto:
magoti ya Mama yakabanwa na dashibodi,
na lile la kulia halikunjiki tangu mwaka juzi.
Tukakiweka nyuma ya dereva:
Tuwei, ambaye huingia kwenye Vitz
kama anayevaa sweta yake ya darasa la tatu,
akaushika usukani kwa magoti kabla ya mikono.

Mlinzi wa maegesho akatushauri tununue Probox.

Tukanyamaza. Nikapima tena,
sentimita kwa sentimita, kana kwamba bati hunyooka ukilibembeleza.
Kisha nikajipima mimi.
Futi tano, nikiwa na viatu.

Nikaketi kwa usukani, nikavuta kiti mbele.
Tumbo likalalamika, lakini hilo ni la mwezi mmoja tu.
Nyuma yangu nafasi ikafunguka,
kiti cha mtoto kikatulia, hakikutikisika.

Miaka minne ya ndoa
leseni yangu imelala kwenye droo na betri zilizokufa.
"Nitakupeleka," husema Tuwei.
Hata maziwa ya dukani, nitakupeleka.
Akauzungusha ufunguo kidoleni, mara mbili,
akaushusha kwenye kiganja changu
ukiwa bado na joto lake.

Tukaufunga unga.
Kati ya mkanda na leso,
kidole kimoja kipite, viwili vikwame.
Tuwei akarudisha kiti chake nyuma kabisa,
miguu ikanyooka, akashangaa kuwa anayo yote.
Mama akakaa kando ya unga,
mkono hewani karibu na kiti, bila kukigusa.

Tulielekea Kiamunyi, Menengai ikibaki nyuma
mbele ya macho ya unga.
Kwenye tuta la kwanza Tuwei akasema, "Polepole,"
neno ambalo sijawahi kulisikia kutoka kwake ndani ya gari.

Nyumbani, hakuna pakiti iliyopasuka.
Jioni Mama alisonga ugali wa moja.
Ya pili aliiacha pale pale, imefungwa,
mpaka mwenyewe aje.